Unyayo wa Kuku kwenye Joho

Kwa miaka ishirini na sita Bi Kalamu alikuwa amemwekea mdogo wake sahihi kwenye kila karatasi iliyohitaji sahihi: hospitalini, benki, posta, hata kwenye fomu ya chanjo, ambako kwa kweli walikuwa wanataka jina tu. Kalamu yenyewe ilikaa kichwani, imechomekwa kwenye nywele juu ya sikio la kulia, na ndiyo iliyompa jina mtaani. Ungemwamsha usingizini ukampa karatasi, angeisaini kabla hajafumbua macho. Alijivunia jambo hilo. Sisi tunaomfahamu tunasema tu kwamba kila mtu ana ugonjwa wake.

Mdogo wake naye alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mrefu kumpita dada yake kwa kichwa kizima, lakini mtaa mzima ulimwita Mdogo na hakuna aliyeona ajabu. Utotoni alichelewa kusema, kuhesabu kukamshinda, na kusoma hakukumkaa kichwani hata alipofundishwa kwa upole, achilia mbali alipofundishwa na dada yake. Mama yao alipofariki, mahakama iliandika kwamba Mdogo hawezi kujiamulia mambo yake, ikamteua dada awe msimamizi wake wa kisheria. Karatasi hiyo Bi Kalamu aliitia kwenye fremu, akaitundika dukani kati ya leseni na kalenda.

Duka lilikuwa la dobi. Mbele kulikuwa na kaunta, ambako Bi Kalamu alipokea nguo, akatoa risiti na ushauri, ushauri ukiwa bure na mwingi. Nyuma kulikuwa na mashine mbili za kufulia, mabeseni ya kulowekea, na meza ndefu ya Mzee Pasi, mpiga pasi aliyekuwapo tangu enzi za mama yao, ambaye maneno yake ya wiki nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Kati ya chumba cha mbele na cha nyuma, karibu na dirisha, palikuwa na kiti cha Mdogo.

Sasa sikiliza kazi ya Mdogo, maana bila kuijua hutaelewa yaliyotokea. Nguo za watu wote hufuliwa pamoja, kwa hiyo kila mteja ana alama yake ya uzi ndani ya kola au ukanda, ili shati la mwalimu mkuu lisirudi kwa mwokaji mikate. Mwalimu mkuu alikuwa mistari miwili ya kijani. Mwokaji mikate alikuwa kitone cha njano. Alama zilipita mia mbili. Liliwahi kuwapo daftari lake, likatumbukia kwenye beseni la dawa ya madoa likatoka jeupe kama siku liliponunuliwa, na hakuna aliyelililia, kwa sababu alama zote zilikuwa kichwani mwa Mdogo. Alizisoma kwa ncha ya kidole huku anatazama nje. Na nguo mpya ilipoingia dukani, akishashona alama ya mwenye nguo, chini yake aliweka na ya kwake: mishono mitatu midogo ya uzi mwekundu inayokutana pamoja, kama unyayo wa kuku. Maana yake, nguo hii naijua, ikipotea niulizeni mimi. Bi Kalamu aliuona unyayo huo ni mchezo wa kumaliza uzi tu.

Siku moja aliingia mwanasheria, binti mdogo mwenye mkoba mkubwa, ameleta koti lenye doa la wino. Akatazama ukutani.

"Bi, hii karatasi bado mnaitundika?"

"Ina ubaya gani?" Bi Kalamu akamjibu. "Fremu hiyo ni ya mbao halisi."

Yule binti alifanya kazi kwenye chama cha kutetea haki za watu wenye ulemavu, na kumbe sheria ilikuwa imebadilishwa tangu mwanzo wa mwaka. Akaegemea kaunta akaieleza. Kuna mkataba wa kimataifa, akasema, ambao nchi iliutia sahihi zamani na ikachelewa kuutimiza, na mkataba huo unasema kila mtu ni mtu mbele ya sheria, hata asipokuwa hodari wa kuhesabu. Nchi kadhaa duniani zilikwisha kuachana na usimamizi wa namna ile. Siku hizi mtu hachukuliwi neno lake akapewa mwingine. Anachagua msaidizi, msaidizi anamweleza mambo taratibu, halafu anaamua mwenyewe.

"Na akiamua upuuzi?" Bi Kalamu akauliza.

"Kwani wewe hujawahi kuamua upuuzi, Bi?"

Nyuma ya pazia Mzee Pasi akakohoa. Alikuwapo siku Bi Kalamu aliponunua mashine ya kukaushia iliyotoa nguo zikiwa zimelowa kuliko zilivyoingia.

Hapo Mdogo akainuka kwenye kiti chake, sindano mkononi. "Mimi nataka," akasema.

"Unataka nini, wewe?" dada yake akamgeukia.

"Chumba cha juu."

Bi Kalamu alijua vizuri ni chumba gani, akajifanya hajui. Juu ya duka palikuwa na chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, kitupu tangu kinyozi alipohama. Mwenye nyumba alikuwa radhi kumpangisha Mdogo, ila mkataba ulitaka sahihi ya msimamizi, na msimamizi alikuwa ameufungia kwenye droo, chini ya vibanio vya nguo, mwaka mzima. Alisema ngazi ni kali. Alisema dirisha linaleta vumbi. Ukweli ni kwamba wao wawili walilala chumba kimoja nyuma ya duka, vitanda viwili, na Bi Kalamu, aliyekuwa amekataa posa mbili kwa ajili ya mdogo wake, hakuwahi kulala peke yake maisha yake yote. Aliogopa. Hilo hakumwambia mtu, na mimi nakwambia wewe kwa sababu usipolijua utamwona mbaya.

"Mwenye nyumba amesema atangoja mpaka mwisho wa mwezi," Mdogo akamwambia mwanasheria. "Baada ya hapo anampa mtu wa simu, yule anayetafuta pa kutengenezea simu."

Basi mwanasheria akaacha fomu za maombi, na tarehe ya kusikilizwa ikapangwa, Alhamisi ya wiki ya mwisho ya mwezi. Bi Kalamu alinuna siku mbili. Siku ya tatu akajikaza kisabuni, akaamua kwamba kama jambo hili halina budi kufanyika, basi lifanyike sawasawa, nyumba isiaibike. Akajaza fomu zote mwenyewe kwa mwandiko wa kupendeza, akazipeleka mahakamani, ng'ambo ya barabara. Kisha akaanza kumfundisha Mdogo majibu. Aliona wazi kwamba hakimu atampa mtihani.

Kwa wiki tatu duka likawa darasa. Siku za wiki, kuanzia mwanzo na kurudi nyuma. Miezi. Jina la rais. Hesabu.

"Umepewa machungwa kumi, umekula manne. Yamebaki mangapi?"

"Nimepewa na nani?"

"Na mtu tu."

"Mtu gani anatoa machungwa kumi?" Mdogo akauliza, na Mzee Pasi akalazimika kuweka pasi chini ili asiunguze suruali ya mtu kwa kicheko.

Alhamisi ikafika. Walifunga duka saa tatu asubuhi, wakavuka barabara watatu: Mdogo na gauni alilochaguliwa na dada yake, Bi Kalamu na kalamu mbili badala ya moja, na Mzee Pasi ndani ya suti aliyoitia wanga mpaka hakuweza kuinama. Mwanasheria aliwangoja mlangoni. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, kina feni inayozunguka kwa kulalamika na mafaili yamepangwa mpaka chini ya madirisha. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani puani, joho jeusi mabegani.

"Karibuni," hakimu akasema, akamtazama Mdogo. "Mama, unaitwa nani?"

Bi Kalamu akamtaja mdogo wake majina yote matatu.

"Nimemuuliza yeye. Una miaka mingapi, mama?"

"Arobaini na minne, Mheshimiwa," Bi Kalamu akajibu, "ataingia arobaini na mitano mwezi wa tisa."

Hakimu akavua miwani, akamwangalia Bi Kalamu kwa muda, akaivaa tena. Kabla hajasema neno, karani wa mahakama, kijana wa koti la kijivu aliyekuwa akipekua lile faili, akasimama.

"Mheshimiwa, kuna tatizo. Mwombaji anaomba aondolewe msimamizi, ili awe anajiwekea sahihi mwenyewe."

"Ndiyo. Tatizo liko wapi?"

"Sahihi ya mwombaji imewekwa na msimamizi."

Mwanasheria akashika kichwa. Hakimu akainua ile fomu akaigeuza.

"Bi, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa," Bi Kalamu akasema kwa fahari, "mimi ndiye ninayemwekea siku zo..." Halafu akayasikia maneno yake mwenyewe. Mkono ulikwenda wenyewe kichwani kushika kalamu, kana kwamba kalamu ndiyo yenye kosa, na watu waliokuwa kwenye mabenchi ya nyuma wakisubiri kesi zao wakaangua kicheko. Hata hakimu alijifunika mdomo kwa faili.

Karani hakucheka. Alisema ombi ni batili, lirudishwe, liletwe upya kikao kijacho, yaani baada ya miezi mitatu. Mdogo akamshika mwanasheria mkono. "Mtu wa simu," akanong'ona, na machozi yakamlengalenga. Bi Kalamu aliyaona machozi hayo. Mwaka mzima alikuwa anaomba kimoyomoyo chumba kile kipate mtu mwingine, na sasa kilipokaribia kumpata aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Hakuna kurudisha," hakimu akasema. "Mwombaji yuko hapa. Aweke sahihi yake sasa, kwa mkono wake. Kama haandiki, mpe kidau cha wino aweke dole gumba."

Karani akaleta kile kidau cheusi. Mdogo akakitazama, akaficha mikono nyuma.

"Hapana. Wino huo hautoki kwa urahisi. Na mchana nina mashati meupe ya watu."

"Basi utaweka sahihi kwa kitu gani?"

Mdogo akapeleka mkono kwenye kola ya gauni lake, mahali anapochomeka sindano kila siku, ikiwa na uzi tayari. Akaivuta fomu, akaikata sahihi ya dada yake kwa mstari mmoja wa kucha, na pembeni yake akashona. Moja, mbili, tatu. Akakata uzi kwa meno. Kwenye karatasi ya mahakama ukabaki unyayo wa kuku, mwekundu, safi kabisa.

Hakimu akafungua kitabu cha sheria mpya, akasoma kwa sauti: sahihi ni jina, au alama yoyote ambayo mtu anajulikana nayo.

"Mheshimiwa," karani akasema, "inajulikana kwa nani? Alama hii nani anaijua?"

"Yeye," Mdogo akajibu, akimwonyesha hakimu kwa kidole.

"Mimi?"

"Wewe ni mawimbi mawili ya bluu. Anakuleta mtumishi wa ofisi kila Ijumaa. Tazama ndani ya kola."

Hakimu alisita. Kisha, mbele ya watu wote, akavua joho lake, akabaki na blauzi ya maua, akageuza kola. Mawimbi mawili ya bluu yalikuwapo. Chini yake ulikuwapo unyayo wa kuku.

"Huo wa chini ndio mimi," Mdogo akasema.

Hakimu alipitisha kidole juu ya mishono ile mitatu. "Miaka tisa nakaa hapa naamua mambo ya watu," akasema polepole, "na sahihi yako iko shingoni mwangu. Karani, andika kwamba alama inajulikana." Karani akaandika. Lakini kabla hajaandika, watu wa benchi la mbele walimwona akigeuza kola ya koti lake la kijivu kwa siri, akachungulia, akakohoa, na kuanzia hapo hakupinga tena kitu.

"Sasa tuendelee," hakimu akasema. Bi Kalamu akamnyooshea Mdogo kidole cha kumkumbusha: siku za wiki. "Mama, mimi sikupi mtihani. Sheria hii hainiruhusu. Mtu hafanyi mtihani ili awe mtu."

"Hata siku za wiki?" likamponyoka Bi Kalamu.

"Hata siku za wiki."

"Lakini nimezijua zote," Mdogo akasema kwa masikitiko.

"Basi zitaje, zisipotee bure."

Akazitaja zote saba bila kukosea, kisha akazirudisha kinyumenyume, na mabenchi ya nyuma yakampigia makofi. Makofi yalipotulia, hakimu akaweka viwiko mezani.

"Niambie. Unataka nini?"

Bi Kalamu akafungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, refu na zuri. Mzee Pasi, bila kugeuza shingo, kwa kuwa kola yake ya wanga haikumruhusu, akamkanyaga mguu. Mdomo ukafungwa. Ikapita dakika nzima. Bi Kalamu hakuwahi kupitisha dakika ndefu namna ile. Mara tatu alimeza maneno, na mara tatu yalirudi. Mdogo alikuwa ametazama feni. Ndipo Bi Kalamu alipogundua, na likamchoma, kwamba katika miaka yote hiyo yeye hakuwahi kungoja mpaka jibu lifike.

"Nataka chumba cha juu," Mdogo akasema hatimaye. "Nataka ufunguo. Nataka Jumapili niamke nikichoka kulala. Gauni nichague mimi. Hili linabana."

"Nimeandika," hakimu akasema. "Na la kubana nimeliandika. Sheria inasema unaweza kuchagua msaidizi, wa kukueleza mambo magumu. Unamtaka nani?"

Bi Kalamu akanyoosha gauni, akajiweka tayari kuinuka.

"Mzee Pasi," Mdogo akasema.

Mzee Pasi mwenyewe alishtuka mpaka suti ikalia. Bi Kalamu akaliachia gauni alilokuwa akilinyoosha. Posa mbili. Miaka ishirini na sita. Akatazama chini ili mtu asimwone.

"Kwa nini yeye?" hakimu akauliza.

"Ananiuliza, halafu anangoja. Kama anavyongoja pasi ishike moto."

"Na dada yako?"

"Dada siye msaidizi." Mdogo akageuka akamtazama dada yake, kisha akamrudia hakimu. "Zamani nilikuwa na dada. Tulikuwa tunagombania blanketi. Tulikuwa tunacheka mpaka mama anatupiga. Halafu ninyi hapa mkampa karatasi, akawa msimamizi. Msimamizi ni mzuri, hajanikosea. Lakini amechoka, na mimi nimemchoka. Nirudishieni dada yangu."

Bi Kalamu alilia pale pale, kwa sauti, bila kutafuta leso. Hakimu hakumnyamazisha. Aliandika kwamba usimamizi umefutwa kuanzia siku hiyo, akapiga muhuri, na akavaa joho lake akiwa ameinua kola kwa uangalifu kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Jioni ile ile Mdogo alishona unyayo wa kuku kwenye mkataba wa chumba, Mzee Pasi akimsomea kifungu kimoja kimoja na kungoja, na wengine tuliosimama pale tunakiri kwamba siku hiyo mzee huyo alisema maneno mengi kuliko mwaka uliopita. Bi Kalamu aliishusha ile karatasi ukutani. Usiku wa kwanza peke yake alilala vibaya. Wa pili alilala hivyo hivyo. Wa tatu alitandaza miguu kitanda kizima akaona si haba.

Jumapili akapanda ngazi, ile fremu ya mbao halisi kwapani, imebaki tupu, ili Mdogo atie anachotaka. Alifika juu akashika kitasa kama alivyozoea kushika kila kitasa maishani mwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alisimama akiutazama. Kisha, kwa mara ya kwanza kwenye mlango wa mdogo wake, akabisha hodi.

"Nani?"

"Fungua, unajua ni mimi."

"Nani?"

Bi Kalamu akavuta pumzi. "Dada."

"Subiri."

Akasubiri. Ndani kulisikika kiti kikiburutwa, maji yakimiminwa, mtu akiimba bila haraka yoyote. Bi Kalamu aliketi kwenye ngazi, zile alizosema ni kali, na fremu magotini. Hakuita tena. Baadaye sana, nyayo zikasogea mpaka nyuma ya mlango, na sauti ikauliza:

"Umekuja kunisimamia?"

"Hapana. Nimekuja kugombania blanketi."

Kicheko kikasikika kwa ndani, na ufunguo ukazunguka.